Kampala ya utoto wetu, na njia ya leo



Katika mkutano wa juma lililopita, tulipofikia jambo la safari ya mwezi wa sita, mama mmoja kijana aliinua mkono akauliza: “Kwani kule Kampala kuna nini, mpaka kila mwaka tubishane juu yake?” Watu walicheka, na mwenye kiti akapita kwa jambo lingine. Lakini swali lile ni la haki. Yeye alikuwa bado msichana wakati njia ya Kasindi ilipoanza kuwa njia ya hofu. Kwake Kampala ni jina lililoandikwa juu ya maboksi ya bidhaa, tena ni mahali ambapo watu wanakimbilia. Basi ukurasa wa juma hili tunautoa kwa kumjibu, sisi tuliokulia Butembo katika miaka ya tisini na miaka ya kwanza ya elfu mbili, na tuliokuwa tunapelekwa Kampala kama watoto wengine wanavyopelekwa kijijini kwa wazee wao.

Nyumbani tulikuwa watoto sita. Mama aliuza vikwembe katika soko, na mara mbili au tatu kwa mwaka alikwenda kununua mali Kampala. Vakansi kubwa ilipofika, alichukua wawili kati yetu. Wawili tu, kwa sababu ya bei ya bisi na kwa sababu chumba alicholala kilikuwa na kitanda kimoja. Sheria ya kuchagua ilikuwa ndani ya bulteni. Aliyepata asilimia 60 na zaidi aliingia katika hesabu, na aliyekwenda mwaka uliopita alirudi nyuma ya mstari. Mwaka mmoja mkubwa wetu alipata 59. Mama, ambaye hakumaliza mwaka wa nne wa msingi, aliishika ile bulteni muda mrefu kama mtu anayechunguza noti ya dola, halafu akasema: “Makumi tano na kenda haiko makumi sita.” Yaya alilia siku mbili. Leo ni mwalimu kama wengine wetu, na yeye ndiye anayetoa pointi kwa ukali kuliko wote.

Waliobaki nyumbani waliletewa mkate. Wale wa umri wetu wanakumbuka ule mkate mrefu uliokatwa tayari vipande, ndani ya plastiki, ambao ulifika Butembo umebanwa na vitambaa mpaka umekuwa kama mto wa kulalia. Tulikula hata vumbi lake.

Safari ilianza kabla ya jua. Butembo mpaka Beni ni kilometa 54, na wakati wa mvua zilitosha kumaliza siku nzima. Tulilala Beni kwa mama mdogo. Kesho yake tulichukua gari la Kasindi, kilometa 80 hivi. Gari lilishuka mpaka daraja la Semuliki, likapita katika pori la Virunga ambapo nyani walikaa kando ya barabara kama wanaongoja gari lao, likapita Bulongo, na upande wa kushoto ukaonekana Rwenzori. Asubuhi ambapo mawingu yalikuwa yameondoka, tuliona theluji. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa ametuambia habari za theluji ya Ulaya. Ile ya kwetu, ambayo iko kwenye mlima unaopita mita 5 000, juu ya mashamba ya mihogo, tulijionyeshea wenyewe kupitia dirisha la gari.

Mpakani mambo matatu yalitushangaza, na mpaka leo tunayatumia darasani. La kwanza ni saa. Ukivuka daraja la Lubiriha, unapoteza saa moja: huku saa tatu, kule saa nne. Mdogo wetu alifikiri kwamba watu wa duane wameichukua. La pili ni upande wa barabara. Huku magari yanatembea kuume, kule yanatembea kushoto, na kwa dakika kumi za kwanza tulifunga macho kila gari lilipokuja mbele yetu. La tatu ndilo kubwa. Mama alituambia, “Batoto, sasa tuko Uganda, mushikane mikono,” na mara ileile mwanamke muuza ndizi akatuita: “Wabukire!” Kumbe ni Kinande! Wao wanakiita Lukonzo, na maneno fulani yanageuka kidogo, lakini ni lugha ya nyumbani. Ndipo tulipojifunza kwamba mwaka wa 1910 Wabeljiji na Waingereza walikaa Brussels wakakubaliana mahali pa kupitisha mstari, na mstari ule ulikata ukoo mmoja vipande viwili. Hakuna somo la historia lililotuingia kama lile la yule mwanamke na ndizi zake. Mama alimjibu, akanunua, akasema “wasingya”, na bei ikashuka.

Juu ya karatasi na pesa za kuvukia hatutasema mengi. Kila mama anayefanya biashara anajua kwamba kuna bei iliyoandikwa na bei isiyoandikwa.

Kutoka pale bisi ilipita njia ya Mbarara. Karibu na Kikorongo, ikweta. Baadaye mfereji wa Kazinga, unaounganisha ziwa letu, Ziwa Edward, na Ziwa George, na viboko wakiwa majini chini ya daraja. Halafu vilima vya migomba, Mbarara, Masaka, na pale Kayabwe ikweta mara ya pili, ambapo wameweka duara nyeupe kila upande wa barabara na watalii wanapigwa picha mguu mmoja kaskazini, mguu mwingine kusini. Sisi hatukushangaa sana. Ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero, na kila tulipokwenda kuzika mtu kule kusini tuliivuka bila mtu kutupiga picha. Lakini tulimweleza jirani yetu ndani ya bisi kwamba sisi tunaishi juu yake, naye akatupa biskuti.

Tulifika usiku. Mtoto wa Butembo ya wakati ule, ambapo mwenye jenereta ndiye aliyekuwa na taa, akifika Kampala usiku anafikiri nyota zimeanguka juu ya vilima.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za kazi. Kikuubo, ile njia nyembamba ya maduka ya jumla ambako wachukuzi wanakupitia juu ya kichwa, na Owino, soko la nguo. Kazi yetu ilikuwa kukaa juu ya mizigo na kuhesabu. Mama alinunua kwa mama mmoja Mwislamu, muuza nyuzi na vitambaa, tuliyemwita Hajati. Wawili hao walisema Kiswahili, kila mmoja kwa namna yake, na kila mmoja aliona kwamba kile cha mwenzake ndicho kibovu. Hajati ndiye aliyetuonya tusiseme Kiswahili kwa sauti barabarani. Katika Kampala ya miaka ile, watu wengi walikiona Kiswahili kuwa lugha ya askari na ya wezi, kwa sababu ya mambo waliyoyapata chini ya Amin na wengine. “Mukisema, mutu atashika mufuko wake,” alituambia akicheka. Kwetu Kiswahili ni lugha ya kuombea na ya kupimia unga. Kuona uso wa mtu ukifungwa kwa sababu ya neno “shikamoo” ilitufundisha kwamba lugha inabeba historia ya wale walioisema kabla yako.

Siku ya tatu ilikuwa ya watoto. Mama hakuwa mtu wa kutembeatembea, lakini alisema kwamba hawezi kuwaleta watoto mahali halafu wakarudi wakijua soko tu. Tulikodi gari la Hajati, ambalo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba, tukapanda vilima.

Ninyi mnaojua Kampala mnajua jinsi vilima vinavyosimulia. Juu ya Namirembe kuna kanisa kuu la Waanglikana, juu ya Rubaga lile la Wakatoliki, Kibuli kuna msikiti, Mengo ni pa mfalme wa Buganda, kabaka. Na Kampala ya zamani yenyewe, Old Kampala, ndicho kilima ambapo Mwingereza Lugard alijenga ngome mwezi wa kumi na mbili wa 1890. Katika mwezi wa kwanza wa 1892 watu wa vilima hivyo walipigana vita, Wakristo kwa Wakristo, waliofuata Wafransa na waliofuata Waingereza, na bunduki za Lugard ndizo zilizoamua. Sisi tuliona tu kwamba kila kilima kina nyumba yake ya Mungu. Mmoja wetu aliuliza kama Mungu anachoka kupanda. Mama alisema anyamaze.

Lakini mahali ambapo hatutasahau ni Kasubi. Ni kilima cha makaburi ya makabaka. Muteesa wa kwanza alijenga jumba lake pale mwaka wa 1882, na alipokufa mwaka wa 1884 akazikwa humo humo, na watatu waliomfuata wakaletwa kando yake: Mwanga, Daudi Chwa, na Edward Muteesa, aliyekufa London mwaka wa 1969 na kurudishwa nyumbani mwaka wa 1971. Kwa nje, ile nyumba ilikuwa nyasi tupu, nyasi kutoka kilele mpaka chini, kubwa kuliko kanisa lolote tulilolijua. Tulivua viatu. Ndani kulikuwa giza na harufu ya majani makavu. Juu kwenye dari kulikuwa na pete za matete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Na wenye kulinda nyumba walikuwa wanawake, wazee, wamekaa juu ya mikeka, wakipokezana zamu kwa jina la wajane wa wafalme. Wajane wa mtu aliyekufa miaka mia na zaidi! Mama alikaa miguu pembeni kama walivyokaa wao, akawasalimu, na hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni mgeni.

Katikati kulikuwa na pazia kubwa la kitambaa cha rangi ya udongo mwekundu. Nyuma yake hakuna anayeingia. Wanasema ni msitu, na wafalme wako ndani ya msitu ule. Sisi tuliogopa. Mama alikuwa anatazama kitambaa. Akauliza kimetengenezwa na nini. Wakamwambia ni gamba la mti wa mutuba, linapondwa kwa nyundo za mti mpaka linapanuka. Akakishika ukingo kwa vidole viwili, kama anavyoshika wakisi sokoni, akauliza mita moja ni bei gani. Hajati aliona haya sana. Wale wajane walicheka mpaka mmoja akafuta machozi. Kwa safari zote zilizofuata, Mama alipopeleka watoto Kasubi, alileta sabuni kwa ajili yao.

Usiku wa tarehe 16 mwezi wa tatu 2010 ile nyumba iliungua. Tulisikia kwenye redio, hapa Butembo, tukiwa tumekwisha kuwa watu wazima, wengine na diploma mkononi. Tulipiga simu sisi kwa sisi kama mtu wa jamaa amekufa. Mama aliuliza jambo moja tu: kama wale wanawake walitoka. UNESCO, iliyokuwa imeiandika Kasubi mwaka wa 2001 kati ya mali za dunia nzima, iliiweka katika orodha ya mali zilizo hatarini. Imejengwa tena, kwa nyasi na matete na kwa kufuata miiko, na mwaka wa 2023 ikatolewa katika orodha ile. Miaka kumi na mitatu. Tunayaandika haya kwa ajili ya wale kati yetu ambao nyumba zao zimeunguzwa upande wa Beni na wanaulizwa kila siku kwa nini hawajarudi.

Sasa Namugongo, kwani ndiyo safari tunayobishania. Chama chetu kina Wakatoliki, Waanglikana, Wabatisti na wengine, na wote wana sababu ya kwenda, maana mashahidi wanaokumbukwa pale ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Tarehe 3 mwezi wa sita 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wengi walikuwa vijana wa nyumbani mwa mfalme. Kizito alikuwa na miaka kama kumi na minne. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu mwaka wa 1964. Kanisa lililo pale limejengwa kwa umbo la nyumba ya jadi ya Waganda, na lina nguzo 22.

Mama alitupeleka mara moja tu kwa siku yenyewe, mwaka wa 2004, wote sita, bila kuuliza bulteni. Alikuwa na sababu yake: vita vilikuwa vimepita, na sote tulikuwa hai. Tulilala chini, katika majani, kati ya maelfu ya watu waliotoka Kenya, Tanzania, Rwanda, na wengi kutoka kwetu ambao walitembea kwa miguu na nyayo zao zilikuwa zimepasuka. Mzee mmoja Mkonzo alitusimulia usiku ule habari za Mbaga Tuzinde. Huyo kijana alilelewa na Mukajanga, na Mukajanga ndiye aliyekuwa mkubwa wa wauaji wa mfalme. Alimsihi aseme neno moja tu ili apone, amfiche. Kijana akakataa. Basi Mukajanga, kwa kuwa hakuweza kumponya, aliamuru apigwe shingoni afe kwanza, ili asiusikie moto.

Hatukulala. Kesho yake mdogo wetu akauliza: “Mama, yule mufalme aliyeua hawa, si ndiye tulimusalimu Kasubi?” Ndiye. Mwanga baadaye alinyang'anywa ufalme na Waingereza, wakampeleka Shelisheli, akabatizwa huko akaitwa Danieri, akafa mwaka wa 1903, na mifupa yake ikarudishwa Kasubi mwaka wa 1910. Mama alifikiri, halafu akasema kwamba wajane wanapalinda pale si kwa sababu alikuwa mwema, ni kwa sababu alikuwa wa kwao. Sisi mpaka leo hatukubaliani juu ya jibu lile. Yaya anasema ni jibu zuri. Wengine wetu, tukifikiri watu wanaolindwa katika nchi yetu kwa sababu ni wa kwao, tunaona linatisha.

Na kuna jambo ambalo watu wazima walilisema kwa kunong'ona tu. Katika miaka ile, tangu 1998 mpaka 2003, askari wa Uganda walikuwa hapa. Tuliwaona Butembo, tuliwaona Beni, na waliotutawala walitawala kwa nguvu zao. Watoto walikwenda kula biskuti Kampala wakati mbao, kahawa na dhahabu vilikuwa vinakwenda njia hiyohiyo ndani ya makamio. Mwezi wa kumi na mbili wa 2005 korti ya kimataifa ya La Haye iliihukumu Uganda kwa mambo iliyoyafanya Kongo, na mwezi wa pili wa 2022 ikapanga malipo: dola milioni 325. Leo askari wa nchi hiyohiyo wako tena upande wetu, tangu mwisho wa 2021, pamoja na askari wetu, kuwafuata ADF. Tunawaheshimu wanaokufa katika kazi ile. Lakini anayewaambia watoto habari za Kampala bila kusema hayo, anawapa mkate bila kuwaambia bei. Hajati alitupenda, na askari aliyetoka mji wake alisimama na bunduki mbele ya shule yetu. Yote mawili ni kweli.

Basi njia ya leo. Tangu mwezi wa kumi wa 2014 tumezika watu wa Beni mpaka tumeacha kuhesabu. Njia ya Kasindi imechomewa magari. Mwaka wa 2018 Ebola ilikuja, ikakaa karibu miaka miwili, ikaua zaidi ya watu 2 200, na mpakani tulipimwa joto mara kwa mara. Mwaka wa 2020 na wa 2021 Namugongo kwenyewe hapakupokea mahujaji kwa sababu ya Korona. Mwezi wa kwanza wa 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi, watu wakiwa kwenye ubatizo. Mwezi wa sita mwaka ule ule, ng'ambo ya daraja, watoto wa shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe waliuawa usiku katika bweni lao, zaidi ya 30. Wale walikuwa watoto wa yule muuza ndizi, tunaweza kusema. Kwa upande mwingine, barabara ambayo marais wawili waliizindua Mpondwe mwezi wa sita wa 2021 imeendelea, na magari yanayopita kwa msafara wa askari, mchana, yanapita.

Katika mkutano, wamama walisimama pande mbili. Upande mmoja: mtu mzima aende kwa imani yake, mtoto abaki. Upande mwingine: mtoto asiyeona kitu ila kukimbia atakuwa mtu wa namna gani? Tuliwasikiliza wote. Kama walimu, tuliongeza kwamba tarehe 3 mwezi wa sita ni siku za masomo, na kwamba mwanafunzi wa mwaka wa sita, aliye na mtihani wa kitaifa mbele yake, asitolewe darasani hata kwa kuona watakatifu wote.

Tunaona hivi, na mwenye kuona tofauti aseme. Chama kisikodi bisi ya watoto. Bisi moja iliyojaa watoto wa jamaa arobaini juu ya njia ile, hapana. Hakuna kati yetu atakayeweza kusimama mbele ya wale wazazi kama jambo likitokea. Kila jamaa iamue kwa ajili ya mtoto wake, baba na mama pamoja, na mtoto mwenyewe aulizwe kama ana umri wa kujibu. Anayekwenda asafiri mchana, kwa msafara, alale Beni, asijaribu kuvuka jioni kwa sababu dereva amesema inawezekana. Na karatasi za mtoto ziandaliwe mapema, na barua ya mzazi anayebaki, ili msije mkalipa ile bei isiyoandikwa.

Kwetu tumekwisha kuamua, ingawa haikuwa rahisi. Dada yetu wa nne aliondoka karibu na Oicha pamoja na watoto wake watatu, na sasa anaishi Kampala kwa karatasi ya mkimbizi, katika chumba si mbali na kile ambamo tulilala juu ya mizigo. Anashona. Watoto wake wanasema Luganda kati yao, Kiingereza shuleni, na Kinande wakati anapokasirika. Mama sasa ni Mukaka wa wajukuu kumi na wanne, magoti yanamwuma, na amesema kwamba atakwenda hata kwa chukudu. Atakwenda naye mjukuu mmoja, yule wa mwaka wa tano, ambaye ana umri sawa na mtoto mkubwa wa dada yetu. Hawajaonana tangu wakiwa na miaka mitatu. Yaya hakutaka. Tulikaa usiku tatu juu ya jambo hili, na usiku wa tatu tulimwita mtoto, tukamweleza njia ilivyo, bila kumdanganya. Aliuliza kama kule pia kuna askari. Tulimwambia wapo. Akauliza kama binamu yake anajua kucheza nzango. Tulipiga simu tukauliza. Anajua.

Mizigo ni midogo: sombe iliyokaushwa, mahalagi ya kwetu, na sabuni mbili za wajane wa Kasubi, ambazo Mama alizinunua kabla hata hatujakubali.

Walio na picha za zamani za safari za Kampala, za Kayabwe au za Namugongo, wazilete kwa mwandishi wa chama kabla ya siku ya ine, majina yakiwa yameandikwa nyuma kwa kalamu ya risasi. Tutazionyesha watoto siku ya mkutano, na kila picha itarudishwa kwa mwenyewe.